Nimebuni mashine ya kubangua korosho: nianze na hataza au na wateja?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Masasi, nina miaka 29. Mwaka jana nilibuni mashine ya kubangua korosho ya mkono na pedali. Visu vyake vinajirekebisha vyenyewe kufuata ukubwa wa korosho, kwa hiyo zinazovunjika ni chache. Nimetengeneza sita na kuviuzia vikundi vya akina mama kwa 700,000 kila moja; vifaa vinanigharimu kama 420,000. Agosti iliyopita nilipeleka moja Nane Nane kule Ngongo, Lindi, ikapigwa picha sana. Sasa kuna mzee wa Dar anataka asilimia 60 ya haki zote kwa milioni 15, ila kwanza nimtumie michoro. Rafiki yangu anasema nisimwonyeshe mtu yeyote, nijitumie michoro kwa posta ili muhuri uwe ushahidi. Mwingine anasema nisajili wazo BRELA nipate hataza ya dunia nzima. Kwa sasa nimeajiriwa kwenye karakana ya mtu. Nianze na nini ili wazo langu lisiibwe na liwe biashara?"

Marahaba, fundi, na hongera. Nimeisoma barua yako polepole, maana karibu kila mstari una jambo la kisheria ndani yake, pamoja na ile sentensi ya mwisho kuhusu karakana ambayo umeipitia haraka kuliko zote. Hofu yako naielewa. Mashine inafanya kazi, watu wenye fedha wameanza kuisogelea, na unaona ukisema utaibiwa, ukinyamaza utabaki na mashine zako sita. Nianze na uliyoambiwa na marafiki, kwa sababu sehemu kubwa itakupotezea muda bure.

Hakuna ofisi inayosajili wazo. BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, haina dirisha hilo, na wenzao wa Kenya na Ulaya hawana pia. "Mashine ambayo visu vyake vinajirekebisha" ni wazo, na mtu mwingine anaweza kulipata akiwa amekaa barazani. Sheria inalinda namna mahususi uliyolifanya likafanya kazi: springi imekaa wapi, inasukuma nini, kisu kinageukia kwenye pini gani, na kwa nini mpangilio huo unapasua ganda bila kuigusa korosho karanga iliyo ndani. Ili upewe hataza (patent), ubunifu huo uwe mpya duniani kote, usiwe jambo ambalo fundi yeyote mzuri angelifikia kirahisi, na uweze kutengenezwa na kutumika.

Umewahi kusikia kisa cha mwanafunzi wa Kenya aliyeibiwa wazo la M-Pesa? Kinapendwa sana, lakini kinapotosha. Huduma za pesa kwa simu zilikuwapo Ufilipino tangu 2001. Mradi wa Vodafone, uliosaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, ulijaribiwa Kenya mwaka 2005 kama njia ya wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Wakati wa majaribio watu wakaonekana wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo. Kazi ngumu ilikuwa kuwapata mawakala, kuhakikisha wana fedha taslimu, na kumfanya mtu wa kijijini aamini kwamba pesa yake haitapotea hewani. Na lipo la pili la kujifunza: jina na mfumo vilibaki mikononi mwa Vodafone, na Safaricom ikawa inalipia kuvitumia, hadi mwaka 2020 Safaricom na Vodacom walipovinunua. Wazo lilikuwa la wengi, lakini fedha ilimfuata aliyejenga huduma na aliyeshika umiliki wa jina na mfumo. Hayo mawili ndiyo ya kuangalia kwako pia.

Kujitumia bahasha kwa posta hakukupi haki yoyote ya hataza. Muhuri unaweza kuonyesha kwamba karatasi zilikuwapo siku fulani, basi. Kwenye hataza anayetangulia ni aliyewasilisha maombi kwanza. Michoro yako kama michoro ina hakimiliki tangu ulipoichora, bila posta wala muhuri, ila hakimiliki humzuia mtu kunakili mchoro. Haimzuii kutengeneza chuma kinachofanya kazi vilevile.

Hataza ya dunia nzima nayo haipo. Kila nchi hutoa yake, na hata ndani ya Jamhuri yetu, BRELA ni ya Tanzania Bara na Zanzibar wana wakala wao, BPRA. Kilichopo ni njia za kurahisisha. Ukiwasilisha maombi leo BRELA, una miezi 12 ya kuwasilisha nchi nyingine na ukahesabiwa kwa tarehe ileile ya kwanza. Ipo ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lenye makao Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Kwako wewe hili si jambo la mbali: Msumbiji ipo humo, na toka Masasi mto Ruvuma si safari. Kenya ipo pia, na tangu 2009 imepiga marufuku kusafirisha nje korosho ghafi, maana yake zinazovunwa Kilifi na Kwale zinatakiwa kubanguliwa hukohuko. Ipo pia njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, inayokupa takriban miezi 30 tangu tarehe ya kwanza kabla ya kuchagua nchi. Wauzaji wa huduma huiita "hataza ya kimataifa". Ni maombi tu, na mwisho wa safari kila nchi itaamua yenyewe na kudai ada yake.

Sasa Nane Nane. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi kuliko kwa yule mzee wa Dar. Upya wa ubunifu hupotea pale unapoufunua hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, hata kama aliyeufunua ni wewe mwenyewe kwa furaha yako yote. Ulaya hawana huruma kwa hili. Marekani na Kenya humpa mbunifu miezi 12 tangu alipojifunua mwenyewe, na baadhi ya sheria husamehe kilichoonyeshwa kwenye maonyesho rasmi kwa muda mfupi zaidi wa miezi michache. Kwa hiyo tarehe zako ni muhimu kuliko maneno yoyote nitakayokuandikia. Jiulize pia watu waliona nini. Kama mashine ilikuwa imefungwa na wageni waliona mama anakanyaga pedali na korosho inapasuka, huenda siri ya utaratibu wa ndani haijafunuka. Kama uliifungua ukaeleza springi na pini mbele ya simu za watu, hali ni nyingine. Na zile sita ulizouza? Mashine iliyouzwa bila masharti ya siri, ambayo mnunuzi anaweza kuifungua kwa spana, kwa kawaida huhesabiwa kuwa imefunuliwa. Andika tarehe ya kila mauzo, jina la kikundi, na picha zilizosambaa WhatsApp. Usifiche chochote kwa wakala wa hataza, maana hataza iliyopatikana kwa kuficha huangushwa mahakamani siku unapoihitaji.

Kabla hujaenda huko, fanya upekuzi mwenyewe. Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya na Patentscope ya WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, ni bure na zinafunguka kwenye simu. Tafuta mashine za kubangua korosho za Vietnam na India, kwa kuwa hao ndio wanaonunua sehemu kubwa ya korosho ghafi yetu na ndio waliotengeneza mashine nyingi za kazi hii. Mafundi wengi huogopa kutafuta wakidhani watakata tamaa. Mimi naona kinyume. Ukikuta Mvietnam alishasajili kitu kinachofanana kabisa, umeokoa fedha za maombi. Na kama hataza yake haikusajiliwa Tanzania, hapa nchini uko huru kutumia alichokieleza, kwa sababu hataza hailindi nje ya mipaka ya nchi iliyoitoa. Maktaba hizo zimejaa michoro ya bure na karibu hakuna fundi wa huku anayeigusa. Inanisikitisha kila ninapoiwaza.

Tuseme upekuzi unaonyesha uko peke yako. Bado utachagua aina ya ulinzi. Hataza kamili inaweza kuishi hadi miaka 20 ukilipa ada za kuitunza. Ukiacha kulipa, inakufa. Sheria yetu ya Hataza ya 1987 ina pia cheti cha ngazi ya chini kwa maboresho madogo: nacho kinataka upya, lakini hakidai ule ugumu wa ubunifu unaodaiwa na hataza kamili, na kinaishi miaka 7. Kwa mashine yako, ambayo ni uboreshaji wa kifaa kilichojulikana kwa miaka mingi, mimi ningekipima hicho kwa makini kabla ya kukimbilia hataza kamili. Soko la mashine za mkono hubadilika haraka, na miaka 7 ni misimu saba ya korosho.

Sehemu inayoamua kila kitu kwenye maombi inaitwa madai. Hizo ni sentensi chache mwishoni zinazosema hasa unachomiliki, na zinafanya kazi kama bikoni za kiwanja: ukizichomeka karibu mno, jirani anajenga pembeni kidogo na huna la kumwambia, ukizipeleka mbali mno, unaingia kwenye ardhi ya watu na ombi linakataliwa. Ukidai "springi ya milimita 40", mwigaji ataweka ya 45. Ukidai "mashine yoyote inayojirekebisha", utakutana na Mvietnam. Hapa usijifunzie kwenye ombi lako mwenyewe. Mlipe mtu anayejua kuandika madai, hata kama itabidi uuze mashine moja kupata ada yake.

Na hata ukiipata hataza, ujue ni kitu gani mkononi mwako. Si kibali cha biashara na si askari. Ni haki ya kumshitaki anayekuiga, kwa gharama yako. Mmarekani Robert Kearns alibuni waipa za gari zinazopumzika kati ya mfuto na mfuto, na katika miaka ya 1960 akaonyesha kazi yake kwa Ford na akapata hataza. Aliishitaki kampuni hiyo mwaka 1978, na ikamlipa dola milioni 10.2 mwaka 1990. Alishinda, naam. Lakini hesabu miaka 12 ya kesi, kwa mtu aliyekuwa na hataza halali mkononi. Fundi wa Newala akiiga mashine yako akauza tatu kwa mwaka, hutampeleka mahakamani. Gharama ya wakili itazidi mauzo yake yote.

Ndiyo maana nasema jina la mashine yako linaweza kuwa na thamani kubwa kuliko springi yake. Alama ya biashara ni rahisi kusajili kuliko hataza, na ukiihuisha haina mwisho: Tanzania Bara usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10. Zaidi ya hapo, bidhaa bandia zenye nembo ya mtu hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ina mamlaka ya kuzikamata na kuziteketeza. Yaani kwenye nembo una serikali nyuma yako kwa namna ambayo mwenye hataza hana. Ethiopia ilipotaka kufaidika na sifa ya kahawa yake haikutafuta hataza ya mmea wa kahawa. Ilipigania majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, na mwaka 2007 Starbucks ikatia saini makubaliano ya kuyatambua.

Umesema mashine sita zimeuzwa, hukusema zinaitwaje. Wanawake wa Masasi wanaziita nini, "ile mashine ya fundi"? Zipe jina sasa, lichapwe kwenye fremu kwa namna isiyofutika. Usichague jina linaloeleza kazi tu, kama Bangua Haraka au Korosho Bora, maana maneno ambayo kila mfanyabiashara anayahitaji huwa hayasajiliki kirahisi. Jina la bibi yako lingefaa zaidi.

Siri je? Utaratibu wa visu hauwezi kuwa siri baada ya kuuza, kwa sababu mnunuzi ana spana. Lakini jinsi unavyokomaza chuma cha visu kwa moto ili visibutuke kabla ya msimu kwisha, pamoja na vile vibao vyako vya kupimia na kushikilia vipande wakati wa kuchomelea, hivyo haviondoki na mashine. Mwigaji atapata umbo na atakosa ugumu wa kisu. Usiviandike kwenye maombi ya hataza zaidi ya inavyolazimu kueleza ubunifu unaoudai, wala usivipige picha za kujisifia.

Nije kwenye karakana. Kama mkataba wako wa kazi unakutaka ubuni mashine, ubunifu uliofanya katika kazi hiyo kwa kawaida ni wa mwajiri. Kama uliajiriwa kuchomelea mageti na ukabuni mashine nje ya majukumu hayo, una nafasi nzuri zaidi. Lakini ukitumia vyuma, umeme na mashine zake, anaweza kuwa na hoja, na mzozo wa namna hii huibuka siku fedha zinapoonekana. Zungumza naye sasa. Mwambie kwa heshima ulichofanya, mkubaliane atapata nini, labda kazi ya kutengeneza fremu mia za kwanza au kiasi fulani kwa kila mashine kwa misimu miwili, kisha aandike ukurasa mmoja kwamba ubunifu ni wako, na mashahidi wasaini. Tajiri aliyeshirikishwa mapema mara nyingi anakuwa mteja au mdhamini. Aliyesikia habari kwa watu anakuwa mlalamikaji.

Karakana hiyo inaficha jambo jingine pia. Hesabu yako inasema 700,000 toa 420,000 unabaki na 280,000. Je, umelipa kodi ya eneo? Umeme wa kuchomelea? Siku zako za kazi, usafiri wa kupeleka mashine kijijini, kurudi kubadilisha kisu kilichobutuka? Ikiwa mashine moja inakula siku tano zako, hiyo ni 56,000 kwa siku kabla ya vyote hivyo. Sidhani kama bei yako inatosha kulisha karakana yako mwenyewe na wasaidizi wawili. Kabla ya kujadili asilimia na mtu yeyote, ijue gharama halisi.

Halafu mteja, ambaye kwenye barua yako nimemkosa. Akina mama walinunua kwa nini hasa? Ulichoandika ni kwamba zinavunjika chache, na hilo lina fedha, kwa kuwa korosho nzima nyeupe hupata bei nzuri kuliko vipande. Ila huenda wao wanathamini zaidi kwamba mikono haiguswi na mafuta ya ganda yanayobabua ngozi, au kwamba hawahitaji tena kupanga korosho kwa saizi kabla ya kubangua. Kaa nao siku nzima. Chukua kilo 10 za korosho ghafi za gunia moja, zilizopikwa kwa mvuke pamoja, nusu zipite mashine ya zamani na nusu yako. Pima muda, hesabu nzima na vipande, rudia kwa korosho za eneo jingine. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, ambao korosho ndiyo kazi yao, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani wanaweza kukusaidia kufanya jaribio hilo kwa namna ambayo mtu wa nje ataiamini. Karatasi ya matokeo hayo itauza mashine nyingi kuliko cheti chochote ukutani, na itamsaidia pia wakala wako kuonyesha kwamba ubunifu una faida halisi.

Historia ya huko kwenu inanifanya nisisitize hili. Katika miaka ya 1970 nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, kwa mashine za kisasa zilizotoka Italia na Japani. Uvunaji ukaporomoka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 vingi vilikuwa vimesimama. Mashine zilikuwapo, korosho za kuzilisha hazikutosha. Vikundi unavyoviuzia leo vina tatizo la sura hiyohiyo: korosho ghafi kwa sehemu kubwa hupita AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na kwenda mnadani kwa stakabadhi ghalani, na msimu ukifunguka Oktoba kikundi kisicho na mtaji kinatazama magunia yakipita. Kikikosa korosho za kubangua baada ya Januari, mashine yako inafunikwa turubai, na kikundi jirani kinachoitazama hakinunui.

Kwa hiyo pengine biashara yako si kuuza mashine peke yake. Fikiria kubangua kwa malipo ya kilo, wewe ukimiliki mashine kumi mahali pamoja na vikundi vikileta korosho zao, kama mashine za kusaga zinavyofanya kwa debe. Au kukodisha kwa msimu. Au kuviunganisha vikundi na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mkopo ukigharamia mashine na korosho za kuanzia kwa pamoja. Kila mojawapo ina uchungu wake: kukodisha kunakuletea matengenezo yasiyoisha, mikopo ya halmashauri ina taratibu ndefu, na kubangua kwa kilo kunakugeuza kutoka fundi kuwa msimamizi wa watu. Wewe ndiye unayejua utaamka asubuhi na furaha kwa kazi ipi.

Tukifika kwa mzee wa Dar, kwanza uliza milioni 15 zinaingia wapi. Zikiingia mfukoni mwako, ameinunua sehemu kubwa ya mali yako. Zikiingia kwenye kampuni mtakayoifungua ili inunue vyuma na ilipe mafundi, wewe hujapata hata senti, umepata hisa za asilimia 40 kwenye kampuni yenye mtaji. Ni mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya makusudi. Vyovyote iwavyo, 15 kwa asilimia 60 inamaanisha amethamini kila kitu kwa milioni 25. Hiyo ni faida ya mashine kama 89 kwa hesabu yako ya 280,000. Kama unaamini kwa moyo mkunjufu kwamba unaweza kuuza 90 ndani ya misimu miwili bila yeye, bei ni ndogo. Kama huwezi kufika 20 bila mtaji wake na wateja wake, si bei ya kudharau. Sitakuficha kwamba wabunifu wengi hujithamini juu mno, na asilimia 100 ya mashine zilizofunikwa turubai hazinunui unga.

Kinachonitisha kwenye ofa yake ni maneno "haki zote" na "asilimia 60" kukaa pamoja. Mwenye zaidi ya nusu ya kura kwenye kampuni anaweza kuchagua na kuondoa wakurugenzi. Wewe kwa asilimia 40 utaweza kuzuia yale machache tu yanayohitaji robo tatu ya kura, kama kubadilisha katiba ya kampuni. Kama hataza na jina vimeandikwa kwa kampuni, wanaweza kukuaga na mashine ikaendelea kuuzwa. Njia ambayo ningeijadili kwanza ni wewe kubaki mmiliki wa hataza na nembo, kampuni ikipewa leseni ya kuvitumia. Tuseme mrabaha ni asilimia 5 ya bei ya 700,000, hiyo ni 35,000 kwa mashine, milioni 3.5 kwa mashine mia. Weka kipengele cha kiwango cha chini: wasipotengeneza idadi fulani kwa mwaka, leseni inakoma na haki inarudi kwako. Bila kipengele hicho mtu anaweza kuchukua leseni ili tu mashine yako isishindane na anazoagiza yeye kutoka nje. Kuuza moja kwa moja na kuondoka nako si aibu, hasa kama unataka kuanza kubuni kitu kingine, lakini usiuze kabla hujawa na ombi lenye tarehe, kwa sababu leo hii huna cha kuhamisha kisheria zaidi ya ujuzi ulio kichwani mwako.

Michoro usimtumie, si kwa WhatsApp wala kwa barua pepe. Haina maana ujifiche. Rafiki yako aliyesema usimwonyeshe mtu yeyote angekumaliza kibiashara, kwa sababu hakuna anayeweka fedha kwenye kitu asichokiona. Mjibu kwamba anakaribishwa Masasi aione ikifanya kazi, akae na akina mama walioinunua, apewe matokeo ya jaribio la kilo 10. Ya ndani atayaona ombi likishawasilishwa na baada ya kusaini mkataba wa kutunza siri wenye majina, tarehe na maelezo ya kilichoonyeshwa. Mwekezaji mzoefu huutegemea mkataba huo. Anayekasirika kuuona amekusaidia kumfahamu.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza, na mawili kati ya hayo yanakuhitaji ukutane na mtu uso kwa uso haraka. Swali la kama Nane Nane na mauzo yale sita yameshaua upya wako, pamoja na uandishi wa madai, mpelekee wakili anayefanya kazi za hataza mbele ya BRELA, ukiwa na mashine yenyewe au video yake, kitabu cha mauzo na tarehe zote. Mkataba wowote wa yule mzee usomwe na wakili wako wewe, asiwe yule atakayeletwa na mzee hata kama ni bure. Ada za serikali hubadilika, kwa hiyo zitazame kwenye mfumo wa BRELA siku unapokwenda, na umuulize wakili akuandikie gharama yote kwa awamu, ikiwemo ada za kila mwaka. Akikuambia hataza "imehakikishwa" kabla ya kufanya upekuzi, tafuta mwingine. Kwa nchi zinazosamehe miezi 12, inahesabiwa tangu ulipoifunua mara ya kwanza, iwe Nane Nane ya Agosti au mauzo ya kabla yake, nayo inakwenda. Ukichelewa kwa sababu unasubiri nauli ya Dar, anza na ofisi ya SIDO mkoani, uwaombe wakuelekeze kwa mtu wa karibu anayefanya kazi hizi.

La mwajiri wako lifanye kabla ya hayo yote, wiki hii ikiwezekana, maana wakili atakuuliza hilo la kwanza.